Mikoani tunatuma: dera la Kariakoo linavyofika Mikumi

Chini ya kila picha ya dera, sufuria au simu inayouzwa Instagram kutoka Kariakoo kuna maneno mawili: mikoani tunatuma. Wengine huongeza "kwa uaminifu" ili kumtoa mteja wasiwasi. Hakuna anayeandika mzigo unapanda basi gani, unashushwa wapi, nauli yake ni ya nani, na ukipitilizwa anaurudisha nani. Hayo mteja wa Kilosa na Mikumi huyajua baadaye, akiwa stendi, jua la saa nane likimchoma kisogo.

Mimi niliyajua kwa birika la umeme. Nilikuwa Mikumi kikazi kwa majuma mawili, nyumba niliyofikia haikuwa na jiko la maana, nikaagiza birika kwa dada mmoja wa Kariakoo: 35,000 ya birika, 5,000 ya basi, na ya kutolea juu. Asubuhi akanitumia picha ya boksi limezungushiwa soltepu, jina langu na namba ya simu vimeandikwa kwa maka pen, pamoja na namba ya kondakta. Saa saba na robo mchana basi likaingia Mikumi, likapunguza mwendo kwenye matuta, likashusha abiria mmoja na kuku wake, likaondoka. Nilipompata kondakta kwenye simu walikuwa wameshaanza kona za Iyovi. Birika langu likalala Iringa. Kesho yake likarudi na basi jingine, na kijana aliyelishusha akadai 3,000 ya kulirudisha.

Nikampigia muuzaji. "Pole kaka, sisi tulishalipia hadi Mikumi." Kweli alikuwa amelipia, risiti alinitumia. Mimi nami nilikuwa nimelipa. Kijana wa basi la pili hakuwa na kosa lolote, yeye kaombwa msaada na mwenzake huko Iringa. Watu watatu, wote wana haki yao, na 3,000 iko palepale inamsubiri wa kuilipa. Nililipa mimi, kwa sababu chai niliitaka mimi.

Kuuza mtandaoni siku hizi hakuna ugumu. Picha ni bure, kibanda hulipii pango, na mteja wa Kidodi anaiona bidhaa dakika ileile anayoiona mteja wa Sinza. Gharama huanza pale mteja anapoandika "nimelipia". Hapo sasa bidhaa itafutwe, ifungwe, ibebwe, ikabidhiwe, na siku nyingine irudishwe. Kampuni kubwa huipa gharama hiyo mstari wake peke yake kwenye hesabu zao, na wenye hisa huusoma mstari huo kabla ya mingine. Winga wa Kariakoo, yule anayepiga picha mali ya duka la mwenzake na kuongeza cha juu, hana mstari. Ana daftari, na wengi hata daftari hawana. Ndiyo maana ukimuuliza winga kama biashara inalipa atakujibu inalipa, na mwisho wa mwezi atakuomba umkopeshe kodi.

Tuanze na ramani, kwa sababu kwenye biashara hii barabara ni sehemu ya bei. Kilosa na Mikumi ni miji ya wilaya moja mkoani Morogoro, lakini kila mmoja umeelekea upande wake. Mikumi uko juu ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, mara tu baada ya kuvuka hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Malori yanayobeba mali ya mabilioni kwenda Lubumbashi yanapita hapo usiku na mchana. Yanapita tu. Kilosa yenyewe ilizaliwa na reli: Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Leo mji una stesheni ya reli mpya ya SGR pia, kwenye njia ambayo treni za umeme zilianza kufika Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata. Kwa gari unaingia Kilosa kwa kuacha barabara ya Dodoma pale Dumila na kupita Rudewa.

Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita 78 hivi, kupitia Masanze, Ulaya na Zombo. Ndiyo, Kilosa ina Ulaya yake, na mzigo wa Guangzhou unaofika Dar es Salaam bila shida unaweza kushindwa kufika Ulaya hii kwa sababu ya tope. Kwa miaka mingi wananchi wamekuwa wakiililia lami barabara hiyo. Masika ikikolea, anayetaka kutuma boksi la viatu kutoka Kilosa mjini kwenda Mikumi hulizungusha Dumila, Morogoro mjini, halafu lipite hifadhini: zaidi ya kilomita 200 kwenda kwa jirani wa wilaya hiyohiyo. Mto Mkondoa nao una tabia zake. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalizibeba nyumba na reli pamoja. Muuzaji aliyeko mtaa wa Kongo hayajui haya. Kwake Kilosa na Mikumi yote ni "Moro huko", bei moja.

Sasa tushike kalamu. Namba hizi ni za mfano, nimezipanga ili hesabu ionekane, na kila winga anaweza kuweka zake. Dera linanunuliwa 13,000 na kuuzwa 20,000. Tofauti ni 7,000. Mfuko na soltepu 500. Bodaboda kutoka Kariakoo hadi stendi ya Magufuli kule Mbezi, tuseme 6,000. Basi 4,000. Ada ya kutoa pesa 1,000. Jumla 11,500. Muuzaji akibeba yote mwenyewe amempa mteja dera na 4,500 juu yake, ahsante ya kununua. Akimwachia mteja nauli ya basi na ya kutolea, anabaki na 500. Kwa 500 hupati hata maji ya kunywa na vocha ya kumpigia kondakta.

Lakini akisubiri mpaka oda zifike kumi ndipo aite bodaboda, ile 6,000 inagawanyika, kila dera linabeba 600. Sasa gharama yake kwa dera moja ni 1,100 na anabaki na 5,900. Madera kumi, 59,000. Hapa ndipo mtu hucheka na kuita jirani. Bidhaa ni ileile na bei ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba dera halikusafiri peke yake.

Tatizo linalofuata ni mteja anayesema, "Nitalipa nikiuona mzigo." Hana ubaya, ametapeliwa mara mbili, au shoga yake katapeliwa, na kila mtu Tanzania anamjua mtu aliyetuma pesa ya simu akaletewa boksi la sabuni. Tuseme muuzaji kathubutu, katuma kumi kwa utaratibu huo, na moja halikuchukuliwa. Linakaa ofisi ya basi, linarudi, nauli ya kwenda na kurudi 8,000 inakuwa yake, jumlisha 1,100 ya awali. Zile tisa zilimpa 53,100. Toa 9,100, kabaki na 44,000. Yasipochukuliwa mawili, 29,000. Yasipochukuliwa matatu, 14,000, na madera matatu yaliyokunjamana yanayosubiri mnunuzi mwingine. Ndiyo sababu karibu kila winga amejifunza kusema tuma pesa kwanza, na karibu kila mteja amejifunza kusitasita. Kutoaminiana huko kuna bei, na bei yenyewe inalipwa na pande zote mbili.

Nauli ya pesa nayo isisahauliwe. "Tuma na ya kutolea" ni sentensi ambayo imeua oda nyingi kuliko bei ya bidhaa. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo ya miamala ya simu, iliyopanda hadi 10,000 kwa muamala mkubwa, wauzaji wadogo waliona wateja wakirudi kwenye noti. Kelele zilipigwa, tozo ikapunguzwa mwaka uleule na baadaye tena. Lipa namba imesaidia, kwa wale waliojisajili.

Kwa hiyo winga mdogo hana ujanja. Je, wenye mitaji? Hapa kuna funzo zuri, na halijapatikana kwa bei rahisi. Jumia ilianzia Lagos mwaka 2012, ikaingia Tanzania, ikawa na bodaboda wake na magunia ya matangazo. Aprili 2019 iliuza hisa zake New York kwa dola 14.50 moja. Novemba mwaka huohuo ikafunga biashara yake Tanzania, siku chache baada ya kufunga Cameroon. Ukifungua hesabu zake za 2019 unaona kwa nini: gharama za kufikisha mizigo zilizidi kidogo faida ghafi yote ya kampuni. Yaani kabla hawajalipa mshahara wa ofisini, kabla ya tangazo moja la redio, barabara ilikuwa imeshamaliza kila kitu. Hasara ya uendeshaji ya mwaka ule ilipita yuro milioni 200.

Kilichotokea baadaye kinatuhusu zaidi. Chini ya Francis Dufay, aliyeshika usukani mwishoni mwa 2022, Jumia iliacha kupeleka chakula, ikafunga nchi nyingine mbili, Afrika Kusini na Tunisia, na ikageukia miji ya mikoani katika nchi zilizobaki, kwa vituo ambavyo mteja anakwenda mwenyewe kuchukua mzigo. Soma tena: kampuni iliyoanza kwa kuahidi mlangoni imegundua stendi. Mabasi ya Morogoro yalikuwa yakifanya hivyo kabla haijazaliwa.

Kenya wana kisa kinachofanana na Kilosa kuliko hicho. Copia iliwalenga watu wa vijijini hasa. Mteja hakuhitaji simu kubwa; alikwenda kwa wakala, mwenye duka au saluni ya kijijini, akaagiza unga, mabati au godoro, na lori la kampuni likaleta hadi kwa wakala. Wazo lilikuwa na akili, na lilivuta mtaji wa zaidi ya dola milioni 100. Walijaribu Uganda, wakatoka 2023. Mei 2024 kampuni ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Tatizo lake mtu wa Kilosa hahitaji kuelezwa na profesa: unga na sukari vina faida nyembamba na uzito mkubwa, lori linakwenda limejaa na kurudi tupu, na maghala hudai kodi hata mwezi usio na oda.

Tusidhani ni umaskini wetu tu. Marekani, Webvan ilijenga maghala ya kisasa ya kupeleka mboga na nyama majumbani, ikafilisika Julai 2001. Amazon ilifungua duka lake 1995 na kupata faida ya mwaka mzima kwa mara ya kwanza 2003. Hata leo zaidi ya nusu ya faida yake ya uendeshaji hutoka kwenye kukodisha kompyuta kwa kampuni nyingine, si kwenye kuuza sufuria. Na zamani zaidi, Sears iliyowauzia wakulima wa Marekani kwa katalogi haikujibebea mzigo yenyewe hadi kila shamba. Serikali yao ilianza kupeleka barua mashambani bure mwaka 1896, na Januari 1913 ikafungua huduma ya vifurushi vya posta. Kipande kigumu cha njia kilibebwa na nchi.

Sisi nchi yetu imefanya sehemu yake nusunusu. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya anwani za makazi, na kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo vibao vya barabara na namba za nyumba vilishaota hadi mitaa ambayo haikuwahi kuwa na jina. Ni kazi kubwa na naisifu. Lakini bodaboda wa Mikumi ukimpa namba ya nyumba atakuuliza, "Karibu na nini?" Karibu na msikiti, nyuma ya mashine ya kusaga, ukifika ulizia mwalimu. Anwani iko ukutani, haijashuka kwenye ulimi. Shirika la Posta nalo, ambalo lina ofisi hadi makao makuu ya wilaya na limeanzisha duka mtandao, lingepaswa kuwa mfalme wa biashara hii. Lakini mzigo wa basi unafika saa moja jioni au Jumapili, saa ambazo kaunta ya Posta imefungwa, na mteja ameshaamua.

Basi limeshinda kwa sababu moja tu: lilikuwa linakwenda huko hata hivyo. Mafuta yamelipwa na abiria, dereva analipwa na abiria, na kifurushi kinapanda kwenye buti kama mgeni wa mgeni. Ukitaka kuona ghala la biashara ya mtandaoni la wilaya ya Kilosa, nenda stendi jioni. Utaona dirisha dogo, daftari la kaunta lenye mistari iliyochorwa kwa rula, kalamu imefungwa uzi isiibwe, na nyuma yake lundo: mabegi ya salfeti, spea za pikipiki, boksi la dawa, televisheni imelazwa juu ya mfuko wa nywele bandia. Kijana anapiga simu moja baada ya nyingine, "Dada, mzigo wako umefika, njoo na kitambulisho." Wapo wanaotaja jina wakapewa, bila kitambulisho. Kisheria usafirishaji wa vifurushi uko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na msafirishaji anatakiwa awe na leseni. Mteja anayepotelewa na mzigo aanzie hapo, kwa kuuliza leseni, badala ya kutukana kondakta.

Wanaopata faida ya kweli, kwa nilivyoona, hawajiiti wafanyabiashara wa mtandaoni. Ni akina mama wenye kundi la WhatsApp lenye watu mia na kitu: walimu, wauguzi, wake wa wafanyakazi wa kiwanda cha sukari upande wa Ruaha, wenye mshahara na tarehe ya mshahara. Mama anapokea picha kutoka kwa mawinga watatu au wanne, anaongeza chake, anakusanya oda hadi mwisho wa mwezi, halafu anavuta salfeti moja kubwa. Wateja wanakuja kwake jioni, wanajaribu, asiyetosheka anamwachia mwenzake palepale sebuleni. Hakuna kinachorudi Dar es Salaam. Deni anajua atalidai wapi, kwa sababu anakojua mtu anaishi hakuhitaji kibao. Huyu ndiye wakala ambaye Copia ilimtafuta kwa mamilioni ya dola, ila yeye hana lori wala ghala la kulipia.

Wa pili ni yule ambaye gari lake halirudi tupu. Wilaya hii inatoa mpunga wa Kilangali na Tindiga, ufuta, na vitunguu vya Malolo. Mfanyabiashara anayepeleka mchele Dar es Salaam kwa fuso ameshalipia kurudi. Kila boksi la vyombo analorudi nalo ni faida. Nashangaa wauzaji wa Kariakoo wanavyotafuta programu za simu za kuwaunganisha na wateja huku fuso za Kilosa zikiondoka sokoni zimebeba turubai tu.

Kuhusu "usafiri bure", maneno ninayoyaona yakizidi kwenye kurasa za wauzaji, sema unalotaka, mimi naona ni uongo wa heshima. Nauli imefichwa ndani ya bei, na mteja wa Kinondoni anamchangia mteja wa Zombo au kinyume chake. Afadhali muuzaji anayeandika bei mbili wazi, ya dera na ya basi. Anapoteza wateja wachache mwanzoni na halali akiwaza.

Halmashauri ya Kilosa inatoza ushuru stendi. Basi iweke chumba chenye mlango, rafu na taa kwenye stendi za Kilosa na Mikumi, mizigo isilale chini ya benchi, na wakala wa barabara, TARURA na TANROADS, wasikie kilio cha barabara ya Ulaya kabla ya masika mengine. Nawe msomaji, ukiagiza kitu kwenda Mikumi, mwambie muuzaji aandike SHUSHA MIKUMI pande zote nne za boksi, chukua namba ya kondakta, na umpigie basi likiwa Doma. Ukingoja hadi liingie mjini umechelewa.